Mlezi Langoni pa Shule: Haki ya Kuandikishwa kwa Watoto Wasio na Makao na Wasiolelewa na Wazazi katika Kibera na Kawangware

Utangulizi

Wahenga walisema kwamba kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Methali hiyo hukiweka kipimo cha utu wa mtu mzima katika ulezi, wala si katika uzazi. Hata hivyo, langoni pa shule ya msingi jijini Nairobi mpangilio huo hupinduliwa. Anayeulizwa kwanza ni mzazi, na kinachoulizwa kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Mtoto aliyeletwa na nyanya yake, na jirani, na mfanyakazi wa makao ya watoto, au aliyekuja peke yake kutoka barazani alikolala, huweza kurudishwa alikotoka kwa sababu aliyemleta hakumzaa na aliyemzaa hayupo.

Makala haya yanadhamiria kueleza mambo matatu kuhusu watoto hao katika mitaa ya Kibera na Kawangware. Kwanza, ni watoto gani hasa wanaorejelewa na ni majina gani wanayopewa. Pili, sheria za Kenya zinawapa haki gani na ni vikwazo gani vinavyoizuia haki hiyo isiwafikie. Tatu, lugha ya Kiswahili ina nafasi gani katika kuondoa vikwazo hivyo. Swali la tatu ndilo linalowahusu moja kwa moja wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, kwa kuwa haki isiyotajika katika lugha ya mwenye haki ni vigumu kudaiwa.

Watoto Wanaorejelewa

Kutokuwa na makao hakuna sura moja. Katika mitaa hii miwili yanaweza kubainishwa makundi manne. Kundi la kwanza ni la watoto wanaolala nje: karibu na masoko, kwenye vituo vya matatu, na kandokando ya majaa ya taka. Hesabu ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa mwaka wa 2018 ilipata watu 46,639 nchini kote, na kati yao 15,337 walikuwa katika Kaunti ya Nairobi. Wengine miongoni mwao walikuwa wamezaliwa papo hapo mitaani, na wazazi wao pia ni watu wa mitaani.

Kundi la pili ni la watoto ambao nyumba zao zimebomolewa au kuteketea. Mnamo tarehe 23 Julai 2018, matingatinga yalibomoa makazi katika Kibera ili kupisha barabara ya kuunganisha Barabara ya Ngong na ile ya Lang'ata. Watu wapatao 30,000 walipoteza makazi, na miongoni mwa majengo yaliyobomolewa mlikuwamo shule. Kwa hiyo mtoto aliweza kupoteza kitanda na dawati asubuhi moja. Miaka kumi kabla ya hapo, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 zilizifukuza familia nyingi kutoka Kibera, na baadhi yazo zikahifadhiwa katika uwanja wa maonyesho wa Jamhuri. Kawangware nayo iliguswa na makabiliano ya Oktoba 2017. Katika kila tukio la aina hii, nyaraka ndizo hupotea kwanza: kadi ya kliniki, ripoti ya muhula, cheti cha kuzaliwa.

Kundi la tatu ni la watoto wanaolelewa na jamaa au majirani: nyanya, shangazi, kaka mkubwa, au mpangaji wa chumba cha pili. Hawa huonekana kana kwamba wana makao, lakini anayewalea mara nyingi hana karatasi yoyote ya kuthibitisha kwamba yeye ni mlezi. Kundi la nne ni la watoto walio katika makao ya watoto au waliokabidhiwa familia nyingine kwa amri ya mahakama. Wao wana karatasi zaidi kuliko wenzao, ila maisha yao ni ya kuhamahama: kutoka kituo cha muda hadi makao, kutoka makao hadi kwa familia, na kila uhamisho huweza kumaanisha shule mpya.

Majina na Hadhi

Msomi wa lugha hawezi kuyapita majina wanayoitwa watoto hawa bila kusimama. Jina lililoenea zaidi Nairobi ni "chokoraa". Asili yake ni kitenzi chokora, yaani kuchimbuachimbua kwa ncha ya kitu, na linamrejelea mtoto anayechokora takataka akitafuta chakula au vyuma vya kuuza. Jina hilo humtaja mtoto kwa kile anachokifanya akiwa na njaa, kisha humganda hata anaposhiba. Mwanafunzi aliyeandikishwa darasani na bado akaitwa chokoraa na wenzake hajaandikishwa kikamilifu.

Istilahi "mtoto wa mtaani" ina heshima kidogo, lakini nayo ina utata, kwa sababu katika Kiswahili cha Kenya mtaa ni mahali popote watu wanapoishi. Kila mtoto wa Kibera ni mtoto wa mtaani kwa maana hiyo. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, katika ufafanuzi wake wa jumla nambari 21 wa mwaka wa 2017, ilichagua istilahi inayoweza kutafsiriwa kuwa "watoto walio katika hali za mitaani". Urefu wake una faida: hali ni jambo linaloweza kubadilika, ilhali jina humfuata mtu hadi uzeeni.

Tatizo la istilahi ni kubwa zaidi katika ulezi. Baadhi ya maandishi ya ustawi wa jamii hutumia "malezi ya kambo" kwa mtoto aliyekabidhiwa familia isiyo yake kwa muda. Lakini kwa wazungumzaji wengi mama wa kambo ni mke wa baba, na katika ngano zetu huyo ni nadra kusifiwa. "Kuasili" humaanisha kumfanya mtoto wa mwingine kuwa wako daima mbele ya sheria. "Kafala", neno lenye asili ya Kiarabu, ni utaratibu wa Kiislamu wa kumtunza mtoto bila kumwondolea nasaba yake. Neno hili si geni katika eneo la Makina, Kibera, waliko Wanubi wengi ambao ni Waislamu. Sheria ya Watoto ya mwaka wa 2022 iliutambua utaratibu wa kafala kuwa mojawapo ya njia halali za kumlea mtoto. Tofauti ya maneno haya ina athari katika ofisi ya mwalimu mkuu: mlezi anayejua jina la ulezi wake anajua pia karatasi anayopaswa kuwa nayo.

Sheria Inasema Nini

Msingi wa haki hii umejengwa hatua kwa hatua. Kenya iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka wa 1990 na Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto mwaka wa 2000. Sheria ya Watoto ya 2001 ilitamka kwamba kila mtoto ana haki ya elimu na kwamba jukumu la kuitoa ni la serikali na wazazi. Mnamo Januari 2003 serikali ya Rais Mwai Kibaki iliondoa karo katika shule za msingi za umma, na idadi ya wanafunzi nchini ikapanda kutoka takriban milioni 5.9 mwaka wa 2002 hadi takriban milioni 7.2 mwaka wa 2003. Katiba ya 2010 ilikwenda mbali zaidi. Ibara ya 53 inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 iliyafafanua hayo. Kifungu cha 29 kinakataza shule ya umma kutoza karo ya mafunzo. Kifungu cha 34 kinakataza ubaguzi dhidi ya mtoto anayetafuta nafasi. Kifungu cha 39 kinamwajibisha waziri kuhakikisha kwamba watoto wa makundi yaliyotengwa au yaliyo hatarini hawabaguliwi. La muhimu kwa mada hii ni kwamba sheria hiyo inapomtaja mzazi humjumuisha pia mlezi na mtu yeyote mwenye jukumu la kisheria la kumtunza mtoto. Hivi ni kusema kwamba tangazo la shule linalosema "kila mzazi afike" linamhusu nyanya mwenye jukumu hilo kama linavyomhusu mama mzazi. Neno la tangazo ni jembamba. Maana yake kisheria ni pana.

Aidha, Sheria ya Watoto ya 2022, ambayo ilichukua nafasi ya ile ya 2001, inaeleza katika kifungu cha 144 ni nani mtoto anayehitaji matunzo na ulinzi. Mtoto wa aina hiyo akipatikana, afisa wa watoto anaweza kumfikisha mbele ya Mahakama ya Watoto ili itolewe amri ya namna atakavyotunzwa. Mwaka huo huo wa 2022 serikali ilizindua mkakati wa kitaifa wa miaka kumi, hadi 2032, wa kuwaondoa watoto katika makao na kuwarejesha katika familia. Lengo hilo ni jema, lakini lina sharti: mtoto anayerejeshwa kwa shangazi huko Kawangware lazima apate nafasi shuleni siku hizo hizo, la sivyo makao aliyoachana nayo yatakuwa yamemwachia pengo la elimu.

Kikwazo cha Cheti

Ikiwa sheria iko wazi kiasi hicho, mbona mtoto bado husimama nje ya lango? Jibu la kwanza ni cheti cha kuzaliwa. Kwa kawaida kizazi kinapaswa kusajiliwa katika muda wa miezi sita. Baada ya hapo huwa ni usajili wa kuchelewa, unaohitaji ushahidi zaidi: kitambulisho cha mzazi, kadi ya kliniki au ya ubatizo, na barua ya chifu. Mtoto aliyezaliwa chumbani kwa mkunga wa mtaani, ambaye mama yake amefariki na hakuwa na kitambulisho, hukosa vyote kwa mkupuo mmoja.

Kikwazo hiki kilipata nguvu mpya mwaka wa 2017 ulipoanzishwa mfumo wa kielektroniki wa taarifa za elimu ulioitwa NEMIS. Kila mwanafunzi alipaswa kupewa nambari yake, na cheti cha kuzaliwa ndicho kilichotumiwa kumwingiza mfumoni. Mgao wa fedha za serikali ulipofungamanishwa na mfumo huo, asiyesajiliwa hakuhesabiwa. Mgao huo, uliokuwa shilingi 1,020 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa msingi mpango ulipoanza mwaka wa 2003 na baadaye ukawa 1,420, si mkubwa, lakini ndio unaonunua vitabu na chaki. Mwalimu mkuu aliyempokea mtoto asiye na cheti alimpokea mtoto asiye na mgao. Kumlaumu mwalimu huyo peke yake ni kuukata mti kwa kupogoa matawi. Mzizi uko katika utaratibu uliomfanya alipe gharama ya wema wake.

Kibera ina historia mahususi katika jambo hili. Wanubi waliishi hapo tangu mwanzoni mwa karne ya 20, baada ya Waingereza kuwapa makazi askari wao. Hata hivyo, vizazi vilivyofuata vilisumbuliwa katika kupata vyeti na vitambulisho. Malalamiko kwa niaba ya watoto wenye asili ya Kinubi yalifikishwa mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, nayo mnamo Machi 2011 iliamua kwamba Kenya ilikuwa imekiuka haki zao za uraia, usawa, afya na elimu. Uamuzi huo ulikuwa wa kwanza wa kamati hiyo kuhusu kiini cha malalamiko, na ulidhihirisha jambo ambalo wakazi walilijua kitambo: karatasi na dawati ni ndugu; anayenyimwa moja hukaribia kunyimwa jingine.

Mahakama za Kenya pia zimelegeza fundo mojawapo. Mnamo Mei 2016, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kifungu cha sheria ya usajili wa vizazi kilichozuia jina la baba kuandikwa kwa mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mpaka baba huyo mwenyewe akubali, kilikwenda kinyume cha Katiba. Uamuzi huo ulikuwa na uzito kwa akina mama wengi wanaolea peke yao.

Kikwazo cha Nafasi

Jibu la pili ni uhaba wa shule za umma. Katika Kibera, shule kama Olympic, Ayany, Toi na Kibera zimeuzunguka mtaa kwenye kingo zake, ilhali vijiji vya ndani kama Gatwekera, Lindi, Silanga na Laini Saba hutegemea zaidi shule zilizoanzishwa na makanisa, vikundi vya wakazi na watu binafsi. Kawangware nako shule za umma ni chache, zikiwamo Kawangware na Gatina, zikilinganishwa na wingi wa watoto. Elimu ya bure ilipoanza mwaka wa 2003, madarasa ya shule hizi yalifurika kupita kiasi.

Sheria ya 2013 huzigawa shule katika mafungu mawili, za umma na za kibinafsi. Kwa hiyo shule ya mabati ya kijijini Lindi huhesabiwa fungu moja na shule za matajiri. Wazazi na walezi maskini kabisa ndio wanaolipa karo, na mtoto aliyelimbikiza deni huweza kunyimwa barua ya kuhama, asiweze kuingia kwingine. Aidha, usalama wa majengo hayo ni suala la uhai. Tarehe 23 Septemba 2019, darasa la shule ya Precious Talent huko Ng'ando, Dagoretti, si mbali na Kawangware, liliporomoka na kuwaua wanafunzi wanane. Baada ya hapo shule kadhaa za aina hiyo zilifungwa. Kuzifunga bila kufungua nafasi nyingine ni kumtoa mtoto hatarini na kumweka barabarani.

Ulinganisho na Kwingineko

Marekani ilikabiliana na tatizo la aina hii kwa njia inayofaa kutazamwa. Sheria iitwayo McKinney-Vento, iliyopitishwa mwaka wa 1987 na kurekebishwa mara kadhaa, inaitaka shule imwandikishe mara moja mtoto asiye na makao hata kama hana cheti cha kuzaliwa, kumbukumbu za shule wala uthibitisho wa anwani. Nyaraka hutafutwa baadaye, mtoto akiwa darasani. Mtoto huyo anaweza pia kubaki katika shule yake ya awali ingawa amehama, na kila wilaya ya elimu lazima iwe na afisa wa kumsaidia. Mwaka wa 2015 haki za namna hiyo zilipanuliwa kwa watoto waliokabidhiwa walezi na serikali.

Tofauti iliyopo si ya wingi wa mali tu bali ni ya mfuatano wa hatua. Kwa utaratibu huo mtoto hutangulia na karatasi hufuata. Langoni pa shule nyingi za Nairobi karatasi imekuwa ikitangulia. Kubadili mfuatano huu hakuhitaji kujenga jengo hata moja.

Kenya yenyewe haikukosa mifano. Shirika la Undugu, lililoanzishwa na Padri Arnold Grol mwaka wa 1973, lilitoa elimu kwa watoto wa mitaani wa Nairobi bila kungoja wawe na sare au wafikie umri fulani wa darasa. Aidha, mwaka wa 2004 Mzee Kimani Maruge aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo, Eldoret, akiwa na umri wa miaka 84. Ikiwa babu huyo alipata dawati, kijana wa miaka 13 aliyetoka mtaani hawezi kuambiwa kwamba umri umempita.

Njia ya Kuifuata

Mlezi aliyekataliwa langoni ana mahali pa kuanzia. Anaweza kwenda kwa chifu au mzee wa kijiji apate barua ya kuthibitisha kwamba anaishi na mtoto huyo. Kisha afike kwa afisa wa watoto wa kaunti ndogo, ambaye ana uwezo wa kuandika taarifa ya mtoto, kuzungumza na shule, na kuelekeza usajili wa kuchelewa. Ikiwa wazazi hawajulikani, taarifa ya polisi, makadirio ya umri kutoka hospitali na amri ya Mahakama ya Watoto huweza kutumika kumpatia mtoto cheti. Shule ikiendelea kukataa, malalamiko yapelekwe kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo. Simu ya watoto, nambari 116, hupigwa bila malipo.

Jambo moja husahaulika: ombi liandikwe, na jibu lidaiwe kwa maandishi. Kukataliwa kwa mdomo hakuachi alama, na kisicho na alama hakikatiwi rufani.

Hitimisho: Dhima ya Kiswahili

Ibara ya 7 ya Katiba inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Hata hivyo, Sheria ya Elimu ya Msingi na Sheria ya Watoto zilitungwa na kuchapishwa kwa Kiingereza, na fomu nyingi za ofisini zimeandikwa kwa lugha hiyo. Nyanya wa Gatina anayezungumza Kiswahili na lugha yake ya kwanza hupewa karatasi asiyoisoma ili kudai haki asiyoambiwa jina lake. Tanzania ilifanya marekebisho mwaka wa 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na mahakama; wanaosoma Kiswahili Kenya wanaweza kujifunza kutoka kwa juhudi hizo.

Kazi iliyopo ni ya kitaaluma na inawezekana. Istilahi za ulezi zinahitaji kusanifishwa ili "kuasili", "kafala", "ulezi wa jamaa" na "ulezi wa muda" zisichanganywe. Vifungu vichache vinavyohusu uandikishaji vinaweza kutafsiriwa katika ukurasa mmoja na kubandikwa kwa chifu, zahanati na langoni pa shule. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina watu, vina maarifa, na vyuo vyao haviko mbali na Kibera wala Kawangware.

Kuna methali nyingine isemayo kwamba asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Husemwa kwa kawaida kama onyo. Lakini kwa mtoto asiye na mama, ulimwengu ndiye mlezi pekee aliyebaki, na ulimwengu huo una uso wa mwalimu mkuu, chifu na karani wa usajili. Wao ndio watakaoamua mtoto huyo afunzwe darasani au jaani.